Swali la Kumi na Saba

"Basi nitajie mtu mmoja!" Wifi alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. "Mmoja tu! Mwanamke mmoja katika mtaa huu mzima aliyefungua kinywa akasema ana marafiki kibao na majirani wanamgombania."

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu," alisema Mama Pacha bila kuacha kukata vitunguu. "Watu waliulizwa, wakajibu. Utafiti ndivyo ulivyo. Hukulazimishwa kuupenda."

"Nyumbani kwako ni kwa kaka yangu."

"Basi mpigie yeye hizo kelele. Yuko kazini mpaka saa kumi."

Siku nyingine yoyote wangecheka. Wawili hawa walikuwa wakirushiana maneno tangu siku ya harusi, na mtu asiyewajua angedhani wanachukiana, kumbe mmoja akiugua mwingine halali. Lakini Jumamosi hii Wifi alikuwa ameingia bila kubisha hodi, mkononi kashika karatasi mbili zilizokunjika, na macho mekundu.

Wifi alikuwa mwalimu. Kwa miaka minne alikuwa akifundisha lugha katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, na wanafunzi wake walikuwa wanawake waliokimbia vita kwao. Pembeni palikuwa na chumba kidogo chenye mikeka na vibao vya kuchezea, ambapo watoto wao waliangaliwa wakati mama zao wanasoma. Alhamisi karatasi ilibandikwa mlangoni: darasa linafungwa mwisho wa mwezi, na chumba cha watoto pia. Sababu ilielezwa kwa mistari mitatu. Utafiti kuhusu makazi na maisha ya wakimbizi umeonyesha kwamba katika mtaa huu wageni wameshachangamana vizuri na wenyeji, hivyo huduma itahamishiwa kwenye uhitaji mkubwa zaidi. Mtaa umepata alama themanini na mbili kwa mia. Katika mitaa tisa, umekuwa wa kwanza.

"Tumeongoza!" alisema Wifi. "Tumeongoza kwa upendo! Mtaa ambao watu wakipishana kwenye ngazi kila mmoja anatazama viatu vyake. Nikuambie kilichotokea? Kuna mjanja mmoja alikaa mgahawani na soda yake baridi, akajaza majibu mwenyewe, akaenda zake."

Kisu kikasimama juu ya ubao. "Hakuna aliyejaza mgahawani. Milango yote ya wageni ilibishwa. Thelathini na nane. Mingine ilibishwa mara mbili, watu wakiwa hawapo."

"Umejuaje kama ni thelathini na nane?"

Kisu kikaanza kukata tena, haraka kuliko mwanzo.

"Ofisini tunajua idadi za mitaa yote," alisema Mama Pacha.

Uongo ulitoka laini, kama kitu kilichokuwa kimeshapakwa mafuta. Wifi aliumeza. Aliijua kazi ya wifi yake juujuu tu: kwamba ni mdadisi, anatembea nyumba kwa nyumba na kishikwambi, anauliza maswali ya watu wa utafiti. Miezi mitano iliyopita aliambiwa kwamba safari hii kapangiwa ng'ambo ya reli, naye hakuwa na sababu ya kutoamini.

"Sawa, mtetee bosi wako," alisema Wifi akikunja karatasi zake. "Mimi nina pingamizi la kupeleka. Afisa wa halmashauri kaja kukaa ukumbini leo, anapokea mpaka saa sita. Nina sahihi sitini na moja. Unajua kaniambia nini? Eti sahihi hazipingi takwimu. Nilete kitu kinachoonyesha takwimu zenyewe zina kasoro. Nikakitoe wapi? Nizitoboe kwa sindano?"

Akafika mlangoni, akageuka.

"Na yule jirani yenu wa Juu jana amelia darasani. Si mtu wa kulia yule. Mtihani wake ni baada ya miezi mitatu, bila mtihani harudi kwenye kazi yake ya dawa, na bila chumba cha watoto hasomi. Lakini hayo takwimu hazioni, au siyo, mama utafiti?"

Mlango ukafungwa. Vitunguu vikabaki nusu.

Mama Pacha alikuwa mtu wa kusema mambo kama yalivyo. Mama mwenye duka akimpunja, alimwambia mbele ya wateja. Walimu wa pacha wake walimwogopa. Alikuwa na stashahada ya takwimu aliyoisomea akiwa na mimba ya watoto wawili tumboni, na hakuwahi kuchelewa na kazi hata siku moja. Kwa hiyo jambo alilolifanya hakuweza kulisingizia uzembe wala kutojua. Alilifanya akiwa macho, tena kwa mwandiko mzuri.

Katika kazi ya udadisi kuna kanuni ambayo hufundishwa siku ya kwanza kabla hata ya chai: mdadisi hapangiwi mtaa anaolala. Sababu yake haihitaji chuo. Watu hawamjibu mtu wanayemjua kama wanavyomjibu mgeni. Mgeni anaondoka na majibu yake, lakini jirani anabaki nayo.

Mama Pacha aliijua kanuni hiyo. Aliwahi hata kuwafundisha wadadisi wapya. Lakini mwaka ule pacha walikuwa wameanza shule, wanatoka saa saba, na ng'ambo ya reli ni mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Kwenye fomu, palipoandikwa "makazi ya mdadisi", akaandika anwani ya mama yake mzazi. Basi. Neno moja la mtaa na namba ya nyumba. Mfumo ukaona haishi hapa, ukampangia mtaa wake mwenyewe. Kwa wiki mbili akafanya kazi kwa kandambili, akarudi mchana kuwapakulia watoto, akawahi kuanua nguo mvua ikinyesha. Alijiambia, maswali ni yale yale, nani atadhurika?

Watu walimfungulia milango kwa tabasamu. Wengine alikuwa amewaona miaka mitatu bila kujua majina yao, na hata sasa hakuyajua, kwa sababu dodoso lilitaka namba tu. Alikaa kwenye viti vyao, akasoma maswali polepole, akasubiri bila kumsaidia mtu kujibu. Yote alifanya kama inavyotakiwa.

"Je, unao wenyeji ambao unaweza kuwaomba msaada?"

"Ndiyo, ndiyo. Majirani wazuri. Si wewe mwenyewe?" Kicheko kidogo. Akatia vema.

"Je, unajisikia kukaribishwa katika mtaa huu?"

"Sana." Vema.

Siku ya tatu alishajua kuna kitu hakiko sawa. Majibu yalikuwa matamu mno, tena yanafanana, kama shukrani za mgeni anayeaga. Chuoni alifundishwa jambo hilo, alilitolea hata mfano kwenye mtihani: mtu anayejibu ili kumfurahisha anayeuliza. Angeweza kupiga simu siku ile ile, akasema nimepangiwa vibaya, nibadilishieni. Badala yake alihesabu nyumba zilizobaki. Zilikuwa ishirini na tatu.

Ya mwisho kati ya hizo ilikuwa ya juu yake.

Mwanamke yule aliitwa Wa Juu na jengo zima, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza aitwe nani. Kwao alikuwa mtu wa duka la dawa, mwenye cheti. Hapa alipiga pasi kwa dobi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka miwili na hakuwa na mtu mwingine. Alimkaribisha Mama Pacha kwenye kiti pekee cha nyumba, yeye akakaa kitandani, akampa glasi ya maji. Wakaenda vizuri mpaka swali la kumi na saba.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, uliwahi kuhitaji msaada wa jirani ukaukosa?"

Mama Pacha alilisoma kama maswali mengine, lakini jibu alikuwa nalo yeye.

Miezi michache kabla ya hapo, asubuhi moja ya siku ya kazi, miguu ilishuka ngazi mbio. Mlango wa jirani wa kushoto ukagongwa. Kisha wa kulia. Kisha wa kwake. "Tafadhali! Mtoto! Tafadhali!" Mama Pacha alikuwa ndani, peke yake, redio inasema, ana ripoti ya kupeleka kabla ya saa sita. Alimtambua aliyekuwa akigonga. Akawaza hospitali, foleni, karatasi ambazo mwanamke yule asingeweza kuzijaza, siku nzima imekwenda. Akawaza kwamba ukishafungua mara moja umeshafungua. Mkono wake ukaenda kwenye redio, ukapunguza sauti, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Akasimama katikati ya chumba akizuia pumzi katika nyumba yake mwenyewe. Miguu ikaondoka.

Mtoto alipona. Degedege la homa, watu walisema baadaye. Mama yake alimbeba akakimbia naye mpaka kituo cha afya. Alipona, na hilo Mama Pacha alilishika kama mtu anavyoshika risiti. Alipona, sasa kuna nini tena?

Na siku ya dodoso, Wa Juu aliitazama glasi ya maji, akafikiri kidogo, akasema: "Hapana. Sikuwahi kukosa."

Mama Pacha akagusa "Hapana." Kishikwambi kikafungua swali la kumi na nane.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya zile alama themanini na mbili.

Sasa alisimama jikoni na mikono inanuka vitunguu. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika arobaini. Pacha walikuwa kwa bibi yao, nyumba kimya. Akavua aproni, akapanda ngazi.

Tusimsifu mapema. Hakupanda kwenda kutubu. Alipanda akiwa na tumaini dogo la aibu: kwamba Wa Juu atamwambia jibu lile lilikuwa la kweli. Labda asubuhi ile alisahau. Labda alidhani nyumba zote zilikuwa tupu. Kama hakujua, basi hakudanganya, na kama hakudanganya, dodoso lilikuwa sahihi, na mtu anaweza kurudi kwenye vitunguu vyake.

Wa Juu alifungua mlango akiwa na pasi mkononi. Nyuma yake palikuwa na mashuka meupe yamerundikwa mpaka kiunoni, kazi ya dobi aliyoileta nyumbani. Ukutani alikuwa amebandika karatasi za majina ya dawa, kwa lugha mbili, kwa kalamu ya rangi mbili. Mtoto alikuwa sakafuni akipanga vibanio vya nguo.

"Mama Pacha. Karibu. Kaa." Kiti kile kile.

"Sikai. Nina swali moja."

"Leo unauliza kwa kile kidude au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Leo nimekuja kama jirani tu."

"Siku ile pia ulikuwa jirani," alisema Wa Juu, akarudi kwenye meza ya kupigia pasi.

Mama Pacha akakaa bila kukusudia.

"Lile swali la msaada," alisema. "Kama uliwahi kuuhitaji ukaukosa. Ulisema hapana."

"Nilisema hapana."

"Ilikuwa kweli?"

Pasi ilikwenda mpaka mwisho wa shuka, ikarudi. Mvuke ukapanda. Wa Juu alizungumza polepole, kwa lugha ya mtu aliyeisomea darasani, kila neno limewekwa mahali pake.

"Siku mtoto alipoumwa, nyumbani kwako redio ilikuwa inasoma habari. Niliisikia tangu kwenye ngazi. Nikafurahi. Nikasema, huyu yupo. Nikagonga, redio ikashuka. Nikagonga tena, ikashuka zaidi." Akakunja shuka mara mbili. "Nikajiambia hakuna mtu. Maana mtu akiwepo, anafungua."

Mama Pacha aligeuza macho kwenye karatasi za dawa ukutani.

"Sasa kwa nini ulisema hapana?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ungesema ndiyo. Ningeandika. Naapa ningeandika."

"Ulikuwa umekaa hapo ulipokaa. Umevaa kitambulisho. Umekunywa maji yangu. Nikuambie nini? Ndiyo, nilikosa msaada, na aliyeninyima ni wewe? Halafu kesho tukutane kwenye ngazi, wewe na ndoo yako, mimi na ndoo yangu?" Alitikisa kichwa. "Wewe ukinichukia, unabaki na jengo zima. Mimi ukinichukia, ninabaki na huyu." Akaelekeza pasi kwa mtoto.

"Na wengine?" Mama Pacha aliuliza. "Wanawake wa darasani. Wale niliowauliza kabla yako."

Kwa mara ya kwanza Wa Juu alionekana kuona haya.

"Tulizungumza," alisema. "Wa nyumba ya bluu alikuja darasani, mwalimu hajafika, akasema, yule Mama Pacha anazunguka na maswali ya majirani. Tumjibuje? Mmoja akasema, ana watoto wawili, ni kazi yake, tukijibu vibaya watamfukuza. Mwingine akasema, anapewa alama. Ni kama mtihani wake. Tukakubaliana kukujibu vizuri."

"Alama zangu?"

"Tulifikiri alama ni zako. Hatukujua ni zetu."

Mtoto aliangusha vibanio vyake, akaanza kuvipanga upya. Mama Pacha aliwatazama wote wawili, akaelewa kitu ambacho hakikuwa kwenye dodoso lolote. Wanawake thelathini na wanane ambao hakujua majina yao walikaa wakamwonea huruma. Walijadiliana namna ya kumlinda. Yeye hakuwafungulia mlango, wao wakamfungulia thelathini na nane, mmoja baada ya mwingine, na kwa wema huo wakajifungia darasa lao wenyewe.

"Wifi yangu anajua?" aliuliza.

"Mwalimu? Nani amwambie? Ni wifi yako." Wa Juu alitua pasi kwenye kisahani chake. "Siku karatasi ilipobandikwa tulitazamana. Mmoja akasema tumwambie mwalimu. Mimi nikasema, tukimwambia tulidanganya, nani atatuamini tena? Watasema wakimbizi ni waongo."

"Hamkudanganya ninyi," alisema Mama Pacha. "Mimi sikutakiwa hata kuwauliza. Kuna kanuni. Niliandika anwani ya uongo ili nifanye kazi karibu na nyumbani. Ningekuwa mgeni, mngeniambia kweli."

Wa Juu aliliweka shuka lililokunjwa juu ya mengine.

"Nisamehe," alisema Mama Pacha. "Kwa haya, na kwa siku ile."

Alingoja. Alijua namna ya kungoja, alilipwa kwa kungoja. Lakini Wa Juu hakujibu neno hilo. Alichukua shuka jingine, akalitandaza, akauliza:

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na dakika kumi."

"Mwalimu alisema mwisho ni saa sita."

"Ndiyo."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Mama Pacha akasimama. Mlangoni aligeuka. "Sitamtaja mtu. Wala wewe, wala wa nyumba ya bluu. Nitaandika ya kwangu tu."

"Andika ya kwako," alisema Wa Juu. "Ya kwangu niachie mwenyewe."

Alishuka ngazi mbili mbili. Mezani alisogeza vitunguu kwa kiwiko, akavuta daftari la hesabu la mmoja wa pacha, akachana karatasi mbili za katikati. Aliandika kama alivyozoea kuandika ripoti, bila kujipamba na bila kujililia. Jina lake kamili. Namba yake ya udadisi. Tarehe za kazi. Kwamba anaishi katika mtaa aliouhoji, na alificha hilo kwa kuandika anwani ya mama yake. Kwamba wahojiwa wote thelathini na wanane walimfahamu kwa sura. Kwamba aliona dalili za majibu ya kumpendeza tangu siku ya tatu, akanyamaza. Kwamba katika swali la kumi na saba, kwa nyumba moja, yeye binafsi anajua jibu lililoandikwa si sahihi, kwa kuwa msaada uliokosekana ulikuwa wake. Kwa hiyo alama za mtaa huu hazifai kutumika kuamua jambo lolote. Mitaa mingine minane hakuigusa.

Alipofika kwenye sahihi, mkono ukasita. Juu ya kabati palikuwa na simu. Msimamizi wake alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hastahili kusikia jambo hili kutoka kwa mwingine. Akampigia.

"Dada yangu!" Msimamizi alikuwa na furaha, kelele za watoto nyuma yake. "Nilitaka kukupigia Jumatatu. Barua yako imefika. Kuanzia mwezi ujao na wewe ni msimamizi, kanda nzima. Hongera sana!"

"Usiisaini."

"Nisisaini nini?"

Akamsomea karatasi zote mbili, toka juu mpaka chini, bila kuruka mstari. Kelele za watoto zilipungua. Msimamizi alikuwa ametoka nje.

"Dada, hebu sikiliza," alisema taratibu. "Ripoti imeshachapishwa. Imeshasomwa. Kila mdadisi ana kakosa kake, mimi pia ninako. Darasa likifungwa hapa litafunguliwa kwingine, kuna wengine watafaidika. Wewe ukipeleka hiyo karatasi, hupati kazi ofisi yoyote ya takwimu nchi hii. Unanielewa? Una watoto."

"Nina watoto, ndiyo. Kila mtu ananihurumia kwa watoto wangu."

"Ulifikirie kwanza. Jumatatu tuzungumze kwa utulivu."

"Jumatatu itakuwa imepita saa sita ya leo," alisema Mama Pacha. "Nimekupigia ili usishtukizwe, si kuomba ruhusa. Umenitendea vyema, kaka. Samahani."

Akakata. Akaweka sahihi. Akatoka na kandambili zake, hata kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

Ukumbini foleni ilikuwa imekwisha. Afisa wa halmashauri, kijana mnene mwenye miwani, alikuwa ameanza kupanga mafaili yake kwenye mkoba. Wanawake kama kumi wa darasani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya ukutani, watoto mapajani. Wifi alikuwa amesimama mbele ya meza, amekunja mikono, na alivyosimama ungejua kwamba ameshashindwa na hataki kuondoka.

"Umefuata nini hapa?" alisema Wifi. "Umekuja kunichekea?"

Mama Pacha alimpita. Akaziweka karatasi mezani.

"Pingamizi," alisema. "Linahusu kasoro za takwimu."

Afisa akatazama saa yake, akatazama karatasi zilizochanwa kwenye daftari la mtoto, akaanza kusoma kwa uso wa mtu aliyechoka. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisoma mpaka mwisho.

"Mdadisi mwenyewe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Una kitambulisho?"

Akakitoa. Afisa akalinganisha namba, tarakimu moja moja.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hii nikishaigonga muhuri inaingia kwenye faili. Huwezi kuirudia kesho ukasema ulikuwa na hasira."

Kwenye mabenchi, mwanamke mmoja alinong'ona kitu kwa mwenzake. Mama Pacha hakugeuka kuwatazama. Hakuwa bado na uso wa kuwatazama nao.

"Sina hasira. Gonga."

Muhuri ukashuka kwenye ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Afisa akaandika saa pembeni: saa tano na dakika hamsini na moja. Akapiga picha kurasa zote mbili, akatia karatasi halisi kwenye faili la pingamizi juu ya zile sahihi sitini na moja, akachapa nakala kwenye kimashine chake kidogo na kumkabidhi.

"Ndicho kile kitu ulichosema nilete?" Wifi aliuliza, akimtazama afisa, kisha wifi yake, kisha afisa. "Kuna nini humo? Mbona mmekaa hivyo?"

Mama Pacha akamnyooshea nakala.

"Soma," alisema. "Yote. Na usiniambie kitu mpaka umalize."

Wifi akaipokea, akaanza kusoma, na Mama Pacha akabaki amesimama mbele yake.